Namba tano hazitoshi

“Andika namba inayofuata, kisha utafute kanuni ya jumla: 1, 2, 4, …” Maswali ya namna hii yamejaa kwenye vitabu vya mazoezi, na kwa maoni yangu ni maswali mabovu. Anayejibu 8 ameona kila namba ikizidishwa kwa mbili; kanuni yake ni 2ⁿ⁻¹, n ikiwa nafasi ya namba kwenye orodha. Anayejibu 7 ameona inaongezwa 1, kisha 2, kisha 3. Yake ni (n² − n + 2) ÷ 2. Nani akoseshwe? Mimi nikijibu 50, kanuni ninayo vilevile: 2ⁿ⁻¹ + 7(n − 1)(n − 2)(n − 3). Weka 1, 2 au 3 mahali pa n, sehemu ya mwisho inakuwa sifuri na namba zako tatu zinabaki zilivyo. Weka 4, unapata 8 + 42. Na hiyo 7 nimeichagua tu ili nifike ninakotaka.

Utaniambia huo ni ukorofi, kinachotakiwa ni kanuni iliyo nyepesi. Haya, chora duara. Weka nukta kwenye mzingo wake, unganisha kila nukta na kila nyingine kwa mstari mnyoofu, na uhakikishe mistari mitatu haikutani mahali pamoja ndani ya duara. Sasa hesabu vipande. Nukta moja, kipande kimoja; mbili, viwili; halafu 4, 8, 16. Hapo wengi huandika 2ⁿ⁻¹ na kufunga daftari. Nukta sita zinatoa vipande 31.

Kuna ile njia ya kutafuta tofauti za namba jirani, kisha tofauti za tofauti, mpaka zilingane. Namba zetu tano zinashuka hadi kubaki 1 peke yake, na namba iliyo peke yake ilingane na nini? Ajabu ni kwamba ukijifanya hiyo 1 itajirudia, ukapanda nayo juu, unapata 31. Jibu sahihi kabisa, ila hujui kwa nini, na mwenzako wa 32 hana sababu ya kukuamini.

Sababu iko kwenye mchoro wenyewe. Kila mstari unaouongeza unazaa kipande kimoja, na kila mahali unapokatana na mstari uliotangulia kinazaliwa kingine. Mstari ni nukta mbili. Kila mahali pa kukatana panataka nukta nne. Kwa hiyo vipande ni 1, jumlisha jozi zote, jumlisha makundi yote ya nukta nne:

1 + n(n − 1)/2 + n(n − 1)(n − 2)(n − 3)/24

Kwa nukta sita: 1 + 15 + 15. Kwa saba: 1 + 21 + 35, yaani 57, na huhitaji kuchora.

Ningekuwa mtunga mtihani, ningetoa mchoro huo badala ya orodha ya namba. Na mwanafunzi anayeeleza kwa nini zinahitajika nukta nne ningempa alama nyingi, hata kama kuzidisha kumemshinda.