Risasi ikishampita mnyama, inakwenda wapi?

Wenye bunduki wawili wakikutana, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye kaliba, yaani unene wa risasi unaotajwa kwa namba. Huyu anaapia .308, yule hataki kusikia kingine zaidi ya .30-06, na wa tatu aliyekuwa kimya muda wote anataja risasi mpya ambayo wenzake hawajawahi hata kuishika. Ubishi huo unaweza kumaliza jioni nzima bila yeyote kuuliza mnyama gani anapigwa, umbali gani, na nyuma yake kuna nini. Kwangu mimi hayo matatu ndiyo ya kwanza, na kaliba inafuata yenyewe.

Tuanze na jina lililoandikwa kwenye boksi, maana linawachanganya wengi. Kaliba inakueleza unene tu, mara nyingi kwa sehemu ya inchi. Risasi ya .22 Long Rifle (.22 LR), iliyoanza kutumika 1887, na ile ya .223 Remington zina vichwa, yaani kile kipande kinachoruka, vya unene unaokaribiana mno, kama milimita 5.7. Ukiviweka kando kwa kando bila maganda, macho yataona tofauti ya urefu kuliko ya unene. Lakini ya kwanza hutoka mdomoni mwa mtutu na nishati ya jouli 150 hadi 190 hivi, na ya pili hupita 1,600. Kilichozitenganisha ni ukubwa wa ganda na kiasi cha baruti kilichomo. Kwa hiyo anayesema "mimi natumia ishirini na mbili" bado hajaniambia kitu.

Kwa wanyama waharibifu wadogo, panya wakubwa na sungura wanaomaliza miche, .22 LR inatosha kabisa ukiwa ndani ya mita 50 au zaidi kidogo. Ni ya bei nafuu, haisukumi bega, na ukichagua zile zinazokwenda chini ya kasi ya sauti, yaani chini ya mita 340 hivi kwa sekunde, ule mpasuko mkali wa hewani haupo. Usiitegemee mbali. Bunduki iliyorekebishwa kupiga sawasawa mita 50 kwa risasi hizo za polepole itapiga zaidi ya sentimita 15 chini ya shabaha ukifika mita 100. Kwa mnyama mwenye kichwa cha ukubwa wa yai, hapo umeshakosa, au mbaya zaidi, umejeruhi.

Sasa lile ambalo watu hawalipendi. Wengi hudhani risasi ndogo ni salama kwa kuwa ni ndogo. Kichwa cha .22 LR ni kipande cha plumbi, yale madini laini na mazito, cha gramu 2.6 kinachokwenda taratibu, na kwa sababu ya mwendo huo wa polepole hakivunjiki kirahisi. Kikigonga jiwe, ardhi iliyokauka au uso wa maji kwa pembe ya chini, hudunda, hubadili njia na kuendelea na safari kikilia. Kikirushwa juu bila kizuizi kinaweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu. Kinyume chake, .223 yenye kichwa chepesi kilichotengenezwa kupasuka, au .17 HMR iliyotoka 2002 na kichwa chake cha gramu 1.1, mara nyingi husambaratika inapogusa kitu kigumu. Mara nyingi, nasema, si kila mara. Lakini kwenye uwanda tambarare wenye mawe, ningeogopa .22 LR kuliko .17 HMR, na najua kuna watakaonicheka.

Ndiyo maana nasisitiza nyuma ya mnyama. Ukingo wa udongo laini unaoipokea risasi ni jambo la kutazama kabla ya kugusa kifyatulio. Mnyama aliyesimama juu ya mgongo wa kilima, anga tupu nyuma yake, hapigwi kwa kaliba yoyote. Na kama waharibifu wako wanakaa ghalani, kwenye paa au karibu na mifugo, bunduki ya risasi si chombo chako. Mitego, kuziba matundu na kufunika nafaka hufanya kazi usiku kucha bila kutoboa bati.

Kwenye uwindaji wa wanyama wakubwa kidogo, kosa linageuka upande wa pili: watu huchukua bunduki kubwa kuliko wanavyoiweza. Hoja yao ni kwamba nguvu ya ziada itafidia pale mkono ulipoyumba. Haifidii. Risasi ya .30-06 iliyopita kwenye utumbo haiui haraka kuliko ya .243 iliyopita kwenye mapafu, na mnyama wa kwanza atatembea mbali sana akiwa na maumivu. Kinachoua ni mahali risasi ilipoingia na kina ilichofika.

Nenda kwenye uwanja wa shabaha ukaone teke la bunduki linavyomfanya mtu. Mwombe mwenzako akujazie risasi, na katikati ya zile halisi achomeke ya mazoezi isiyo na baruti, wewe usijue ni ya ngapi. Unalenga, unavuta, na badala ya kishindo unasikia "tik." Hapo mdomo wa mtutu unaonekana ukichovya chini, bega limeshajikaza, jicho limefumba. Kila risasi halisi uliyopiga kabla ya hapo ilikuwa inaharibiwa hivyo hivyo, ila kishindo kilikuwa kinaficha. Wengi wanaochovya hivyo na .308 wanatulia wakipewa .243, ambayo ni ganda la .308 lililobanwa shingo ili libebe kichwa chembamba, ikaingia sokoni 1955. Kutoka hapo hadi .375 H&H ya 1912, ambayo teke lake ni karibu mara mbili ya la .308, ni safari ndefu, na anayeifunga bila sababu anajitafutia tabia mbaya ya mkono.

Wapenda kaliba ndogo nao wana shujaa wao, mwindaji wa tembo W. D. M. Bell, yule aliyeitwa Karamojo. Aliua tembo zaidi ya elfu moja mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao kwa 7x57, kaliba ya milimita 7 ambayo leo wengi huitumia kwa swala na kulungu. Jina lake hutajwa kila mara mtu anapotaka kuthibitisha kwamba ukubwa hauna maana. Wanachosahau kutaja ni kwamba Bell aliyachunguza mafuvu ya tembo mpaka akajua ubongo unakaa wapi kwa kila pembe, alitumia vichwa vigumu visivyochanua, yaani visivyotanuka vikigonga, na alipiga risasi nyingi kuliko wengi wetu tutakavyopiga maisha yetu yote. Nchi kadhaa za Afrika zikaweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari, na naona zilifanya vyema. Sheria hutungwa kwa ajili ya mtu wa kawaida aliyeshtuka, na Bell hakuwa mtu wa kawaida.

Baada ya kaliba kuna kichwa cha risasi chenyewe, na hapa ndipo pesa ya ziada inastahili kwenda. Kichwa kinachopasuka upesi ni kizuri kwa mbweha anayekula kuku. Ukikitumia kwa nguruwe mwitu kitavunjikia kwenye bega na ile ngozi nene, na utakuwa na nguruwe mwenye hasira na jeraha la juu juu. Kichwa kinachochanua polepole na kubaki kipande kimoja huingia ndani. Ukikitumia kigumu hicho kwa mnyama mdogo, kitapita upande wa pili bila kuchanua, kikiwa bado na nguvu nyingi. Na kama sungura ni wa kuliwa, .223 ya kupasuka haitakuachia kitu cha kuweka sufuriani.

Kuna pia suala la madini. Jimbo la California, Marekani, lilizuia risasi za plumbi kwa uwindaji wote tangu 2019, kwa kuwa ndege wala mizoga hula vipande vinavyobaki na kufa kwa sumu. Vichwa vya shaba ndivyo vinavyochukua nafasi. Shaba ni nyepesi kuliko plumbi, kwa hiyo kichwa chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi, na kichwa kirefu kinahitaji michirizi ya ndani ya mtutu iliyojipinda kwa ukaribu zaidi ili kitulie hewani. Mitutu mingi ya zamani haina hiyo. Jaribu boksi moja kabla ya kununua kumi.

Nikibanwa kutaja bunduki moja tu ya kufanya yote, kuanzia mbweha hadi kulungu wa wastani, ningesema .243, na vichwa vya aina mbili: chepesi cha gramu 4 hivi kwa waharibifu na cha gramu 6.5 kwa nyama. Ina kasoro zake. Huchakaza mtutu mapema kuliko .308, na kwa nguruwe mkubwa inakuacha na nafasi ndogo ya kukosea. Tena kuna mahali sheria inaikataa: Ujerumani hutaka kwa nguruwe mwitu na kulungu wakubwa risasi yenye unene usiopungua milimita 6.5 na jouli 2,000 ikifika mita 100, na .243 haifikii unene huo. Kwa mwindaji aliye chini ya sheria ya namna hiyo ningehamia 6.5x55, ambayo imekuwepo tangu 1894, ina teke la kuvumilika, na risasi zake bado zinatengenezwa na viwanda vingi. Lakini huyo naye bado atahitaji .22 yake pembeni kwa ajili ya sungura.