Kitendawili Kisicho na Mji wa Kutoa

Mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa, kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Moshi lilipokea picha ya ukurasa mmoja wa riwaya ya Kimarekani, ikiambatana na maelezo kwamba korona ilipangwa tangu mwaka 1981. Riwaya yenyewe ni The Eyes of Darkness ya Dean Koontz, na kweli ukurasa ule ulitaja silaha ya virusi iitwayo Wuhan-400, kwa jina la mji wa China ambako korona iliripotiwa kwanza. Nilifuatilia nikakuta kwamba katika toleo la kwanza la mwaka 1981 silaha hiyo iliitwa Gorki-400, kwa jina la mji wa Urusi, na Wuhan iliingizwa katika toleo la mwaka 1989. Tena virusi vya riwayani humuua kila anayeambukizwa, tofauti na korona.

Niliyaandika hayo kundini kwa upole. Binamu yangu, fundi simu mwenye kibanda karibu na stendi, akajibu papo hapo: "Sasa kaka, kwa nini walibadilisha jina? Hapo ndipo walipojianika."

Utotoni, jikoni kwa bibi kule Kibosho, tulitegeana vitendawili, na aliyeshindwa alidaiwa mji. Ukisema "chukua Arusha", mwenzako anaweza kuukataa akadai mwingine, na jibu likishatajwa kila mmoja huona ukweli wake. Mafumbo ya mtandaoni hayana mji wa kutoa. Desemba 2016, mtu mmoja aliingia na bunduki katika mgahawa wa piza jijini Washington, akiamini kwamba maneno ya vyakula katika barua pepe za wanasiasa yalikuwa lugha ya siri kuhusu watoto waliofungiwa humo, akafyatua risasi na asimkute mtoto yeyote. Wengi wa waliomwaminisha hayo hawakukiri kushindwa, na Oktoba 2017 likaanza fumbo jingine, la mwandishi wa mtandaoni aliyejiita Q na kudai anafichua siri za serikali ya Marekani.

Siwadharau wenye shaka, kwa maana siri zipo. Kwa miaka 40, tangu 1932 hadi 1972, maofisa wa afya wa serikali ya Marekani waliwaacha wanaume weusi wa Tuskegee wateseke na kaswende bila tiba ili waichunguze. Lakini siri hiyo ilifichuliwa na mtumishi aliyeifahamu kazi hiyo kwa ndani na mwandishi wa habari aliyeifuatilia hadi ikachapishwa. Hakuna aliyeipata kwa kujumlisha tarakimu.

Linaloniuma zaidi ni la hapa nyumbani. Kijana wa jirani yangu, dereva wa bodaboda, alifariki usiku katika barabara ya Arusha, na kabla hatujamzika kundi lilikuwa limejumlisha namba za pikipiki yake, likapata tisa, likatamka kwamba ni kafara ya Frimasoni. Siku ya tatu ya msiba mama yake, akiwa ameketi mkekani, aliishika simu ya mpwa wake mbali na macho kwa sababu miwani aliiacha ndani, akaniuliza, "Mwanangu, hii tisa ndiyo nini?" Nilishindwa kumjibu.

Kijana yule aligonga lori bovu lililoachwa barabarani bila taa wala kiakisi. La hilo lori, lilikuwa la nani na lilikaa pale kwa saa ngapi, hakuna aliyeliuliza kundini hadi leo.