Klorini, Bomba Refu na Kidhibiti Chenye Haraka

Anayesanifu udhibiti wa mrejesho (kifaa, yaani kidhibiti, kinachopima matokeo na kurekebisha chenyewe) kwa ajili ya miradi ya maji hapa Mwanza hana budi kuanza na uchelewaji mrefu kuliko wote anaoweza kukutana nao, yaani muda kati ya rekebisho na kuonekana kwake kwenye kipimo, na baada ya hapo ndipo achague ukali wa kidhibiti chake, yaani nguvu ya kila rekebisho. Ninachokiona mara nyingi ni kinyume: kidhibiti hurekebishwa mchana, pampu zote zikifanya kazi, mstari ukanyooka kwenye skrini na mradi ukapokelewa.

Tuchukue dozi ya klorini. Maji huvutwa ziwani, husafishwa, hutiwa klorini, kisha husukumwa hadi kwenye tangi lililo juu ya kilima, ambako sensa hupima klorini iliyobaki. Tuseme bomba lina urefu wa mita 1,200 na maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde: badiliko lolote la dozi litaonekana kwenye sensa baada ya dakika 20. Aliyewahi kukaa zamu anakijua kishawishi cha dakika hizo. Namba inasoma 0.3 badala ya 0.5, anaongeza dozi, namba haisogei, anaongeza tena, na nyongeza zote mbili zinafika tangini zikifuatana. Kidhibiti kilichopangwa kwa haraka hufanya hivyohivyo usiku kucha.

Hesabu yake ni fupi. Kidhibiti kikijumlisha kosa (tofauti kati ya namba inayotakiwa na inayosomwa) kwa kasi k, na uchelewaji ukiwa T, mfumo huo linia (ambamo jibu huongezeka kwa uwiano na rekebisho) huwa thabiti, yaani mawimbi yake hufifia, pale tu zao la k na T linapokuwa chini ya nusu ya pai, yaani takriban 1.57; ukitaka namba isivuke kiwango kabisa, zao hilo lisizidi 0.37. Weka k ya 0.05 kwa dakika: mchana zao ni 1, mawimbi yapo lakini yanafifia. Usiku, pampu moja ikizimwa na mtiririko ukawa nusu, T inakuwa dakika 40, zao linafika 2, na kila wimbi linakuwa kubwa kuliko lililotangulia. Nimechukulia kwamba pampu ya dozi inafuata mita ya mtiririko. Isipofuata, gramu zilezile zinaingia katika nusu ya maji, na zao linakuwa 4! Ndiyo maana naona kuunganisha mita hiyo na pampu ya dozi kunatangulia mrejesho wenyewe.

(Mfumo wa aina hii ukiwa mpakani mwa uthabiti, wimbi moja huchukua mara nne ya uchelewaji. Nawasihi mafundi wapime muda wa wimbi moja kwenye chati kabla ya kuagiza sensa mpya: ukikaribia mara nne ya uchelewaji, wa kushukiwa kwanza ni ukali wa kidhibiti, si sensa.)

Mwaka 1957 Otto Smith alipendekeza kidhibiti kinachobeba ndani yake kielelezo cha mtambo pamoja na uchelewaji wake, ili kikadirie jibu kabla halijafika. Ni wazo zuri sana, lakini silipendekezi kama chaguo la kwanza kwetu, kwa kuwa linategemea kuujua uchelewaji, na wa kwetu hubadilika kwa saa, kwa idadi ya pampu na kwa kukatika kwa umeme. Uchelewaji haupunguzi ukubwa wa wimbi lolote. Huligeuza fezi tu, yaani hulisogeza nyuma katika mzunguko wake, na mgeuko huo huongezeka kadiri wimbi linavyokuwa la kasi, kwa hiyo kidhibiti chenye haraka ndicho kinachoumia zaidi kielelezo kikikosea.

Mimi ningechagua k ya 0.009, inayotoa 0.36 hata kwa dakika 40. Kosa litachukua saa kadhaa kusahihishwa, na hiyo ni gharama ya kweli. Lakini mabadiliko ya ghafla ya mtiririko yameshashughulikiwa na mita, na mrejesho umebaki na kazi ya polepole ya kufuata hali ya maji ya ziwa. Nyaraka za zabuni ziutaje uchelewaji huo mrefu kwa dakika, na mkandarasi afanye jaribio la kukabidhi usiku, pampu moja ikiwa imezimwa.