Ametukuzwa au ametukuka? Kitenzi doxazo katika Yohana 13:31

Yuda amepokea lile tonge na kutoka, na nje ni usiku. Hapo ndipo Yesu anasema: "Sasa ametukuzwa Mwana wa Adamu, naye Mungu ametukuzwa ndani yake." Kukamatwa bado, msalaba bado, kaburi bado. Ametukuzwa lini?

Kigiriki kina edoxasthe, yaani kitenzi doxazo (kutukuza) katika njeo ya aoristi, ambayo hulitaja tendo kama jambo moja zima, kauli ya kutendwa. Wapo wanaosema aoristi ni wakati uliopita, kwa hiyo Yesu anatazama nyuma, kwenye kazi aliyokwisha kuifanya. Wengine wanasema anatazama mbele, ila jambo ni la hakika kiasi kwamba analitaja kama limeshatokea. Mimi naona Mswahili hapaswi kuhangaika sana hapa. Mtu akiona simba mbele yake hupiga kelele "Tumekwisha!" ilhali wote bado wazima. Yuda ameshatoka, gurudumu limeanza kuzunguka. Kiambishi -me- kinabeba maana hiyo vizuri kuliko -li-, na waliotafsiri Biblia ya Union walisikia hivyo. Katika Warumi 8:30 aoristi ya kitenzi hikihiki wameipa -ka-, "hao akawatukuza", kwa sababu pale ni mfululizo: akawaita, akawahesabia haki, akawatukuza.

Ugumu wenyewe uko kwenye kauli. Mwana kutukuzwa, sawa. Lakini Mungu atukuzwe na nani, aongezewe nini?

Katika Kigiriki cha kale doxa, nomino inayozaa doxazo, ilikuwa maoni, na kwa mwanafalsafa Plato doxazo ni kudhani. Waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki ndio walioitumia doxa kwa neno la Kiebrania kabod, utukufu, ambalo mzizi wake ni uzito. (Nasi tukisema fulani ni mtu mzito, hatuzungumzii kilo.) Katika Kutoka 15:1, wimbo wa Musa baada ya kuvuka bahari, waliandika dedoxastai. Kwa umbo ni kutendwa, lakini hakuna anayemtenda Mungu lolote pale. Ni yeye aliyejidhihirisha kwa kuwatupa farasi baharini. Biblia yetu inasema "ametukuka sana", wala si "ametukuzwa".

Mwingereza George Caird, mtaalamu wa Agano Jipya, alijenga hoja yake kwa njia hiyo miaka ya 1960: kutendwa kwa Yohana 13:31 kusomwe kwa sikio la Kiebrania, kwamba Mungu ameudhihirisha utukufu wake ndani ya Mwana. Kiingereza humlazimu aeleze kwa maneno mengi. Sisi tunayo jozi tayari, tukuka na tukuza, kama geuka na geuza.

Hoja hiyo inanivutia, lakini aya inayofuata inaibana. "Mungu naye atamtukuza ndani ya nafsi yake": hapo kitenzi ni cha kutenda, mtendaji anatajwa, na mtendwa anatajwa. Tena katika 17:4 Mwana anamwambia Baba, "Mimi nimekutukuza duniani". Kumbe swali la nani amtukuze Mungu Yohana analijibu mwenyewe: ni Mwana, kwa kuimaliza kazi aliyopewa. Baba na Mwana wanapeana utukufu, na kitenzi kimoja kinarudi mara nne katika aya mbili, tano katika nakala zenye kishazi cha ziada. Ukiandika "ametukuka" sehemu moja na "atamtukuza" nyingine, msikilizaji bado atasikia undugu wa maneno, ila yule anayetenda atakuwa amefichika.

Kwa hiyo kwenye maandishi ningeacha "ametukuzwa" mara zote mbili. Kwenye mafundisho, nikifika "naye Mungu", ningesimama kidogo nitamke na "ametukuka", kisha niendelee na aya ya 32.