Wasimamizi wa tovuti za mashirika wakutane, ila posho ibaki nje

Kuanzia Iringa hadi Mbeya, mashirika mengi yasiyo ya kiserikali yana tovuti, na mara nyingi tovuti hiyo iko mikononi mwa mtu mmoja. Wala hakuajiriwa kwa kazi hiyo: ni mhasibu au afisa miradi aliyeonekana anajua kompyuta. Sasa kuna wenzetu wanaotaka tuunde kikundi cha kukutana na kusaidiana. Wengine hawataki kabisa.

Mimi nataka, na sababu ninayo. Shirika nililokuwa nalo Iringa lilitumia jina la or.tz, yaani anwani ya tovuti inayoishia hivyo, ambalo hulipiwa upya muda ukiisha. Asubuhi moja tovuti haikufunguka. Kumbe barua pepe za kukumbusha malipo zilikuwa zikimwendea kijana wa kujitolea aliyekwisha kurudi kwao, na nywila aliondoka nayo. Tulihangaika wiki mbili huku mfadhili akiuliza ripoti iko wapi. Baadaye dada mmoja wa Njombe akanieleza kwamba lilishamkuta hilohilo, na dawa yake ni hii: jina lisajiliwe kwa barua pepe ya ofisi, si ya mtu, na tarehe ya malipo ikae kwenye kalenda ya mhasibu. Maelezo ya dakika tano. Laiti ningemfahamu mapema.

Wapo wanaosema tunagombea wafadhili walewale, hivyo tusifundishane. Hoja hiyo sioni uzito wake. Plagini, ile programu ndogo ya nyongeza kwenye tovuti, isiposasishwa humfungulia mdukuzi mlango bila kujali ni shirika la nani.

Hoja ya siri ndiyo inayonikosesha usingizi. Niliwahi kukaa na mwenzangu aliyetaka msaada wa fomu iliyogoma. Alipofungua ukurasa wa ndani, niliona majina ya wasichana, vijiji vyao na namba za simu za wazazi. Hakuwa na nia mbaya, alitaka fomu ifanye kazi tu. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haiangalii nia pekee, na wasichana wale hawakuniruhusu mimi kuwasoma. Kwa hiyo kikundi kisichokubaliana kwanza kwamba tatizo huonyeshwa kwa majina ya kubuni, bora kisianze.

Halafu kuna posho. Mfadhili akishaingia, mkutano unakuwa semina, anayekuja ni bosi badala ya anayeshika tovuti, na fedha zikikata watu hawaonekani tena. Najua nauli si kitu kidogo kwa mtu wa Tukuyu au Ludewa, na shirika lake likimlipia ni haki yake. Kulipwa kwa kuhudhuria ni jambo jingine.

Napendekeza tukutane Makambako, panapoachana barabara ya Mbeya na ya Njombe, mara moja kila miezi mitatu, watu wasiozidi kumi na wawili. Kila mtu aje na kompyuta yake na tatizo moja lililomshinda.