Tuktuk Aina Breki

Wallahi sisi watu wa Mombasa tuna maringo na Kiswahili. Mtu wa bara akisema "hii mtoto" tunacheka mpaka tunashika ukuta, eti lugha ni yetu, wengine wote wameazima, halafu chukua simu ya huyo huyo anayecheka usome alichoandika. Utalia.

Mimi nauza spea za tuktuk Mwembe Tayari, si mwalimu wala sina undugu na mwalimu. Na sisemi watu waandike Kiswahili cha vitabuni, "nshachoka" ni yetu, "ndo" ni yetu, andika tu. Shida yangu ni H. Wateja siku hizi hawaji dukani, wanatuma meseji, sasa juzi jamaa ananiandikia "bosi tuktuk yangu aina breki". Mimi mtu wa biashara namuuliza, aina gani? Anajibu, "aina kabisa". Namuuliza tena kwa upole, ndugu yangu, breki za aina gani, za mbele ama za nyuma? "We uelewi, zote aina". Ikabidi nipige simu kwa kredo yangu mwenyewe ndo nasikia kwa masikio yangu kumbe HAINA, haina breki, tuktuk haina breki! Namuuliza sasa we uko wapi? Ati nashuka daraja la Nyali, nakuja kwako.

Hiyo H wakiitoa wanaipeleka wapi? Maana haipotei. Wanaitoa kwa haina wanaenda kuibandika kwa ama. Kuna jirani yangu Majengo alitumiwa na mwenye nyumba "kodi lipa leo hama tuongee", maskini akasoma mpaka hapo kwa hama akaishia hapo hapo, akaanza kufunga magodoro kwa kamba, mpaka mwenye nyumba mwenyewe akaja mbio kumuuliza, kwani unaenda wapi na pesa zangu?

Lakini aliyenimaliza ni shangazi yangu, Mungu amuweke. Babu alikuwa mgonjwa huko Likoni, watu tumekaa roho juu, saa moja asubuhi inaingia kwenye grupu la ukoo: "Babu hana nafuu". Basi. Mwenye kulia akalia, mwenye kufunga duka akafunga, tukapanda feri tumenyamaza kimya hata karanga hatukununua, binamu yangu mmoja kashaanza kuulizia bei ya sanda. Tunafika tunamkuta babu kakaa barazani anachovya mahamri kwenye mbaazi, anatuangalia, anauliza mmekuja kunizika ama mmekuja kula? Shangazi kuulizwa anatoa simu anasoma kwa sauti, bila aibu, "Babu ANA nafuu, si ndo nilivyoandika?" Yaani anaisoma bila H! H iko pale kwenye kioo, kubwa, kila mtu anaiona, yeye macho yanairuka.

Nukta na koma ndo usiseme, hizo nafikiri watu wanadhani zinalipiwa. Dada yangu alisafiri na wanawe kutoka Malindi akanitumia "mwambie mama watoto wamefika". Haya. Mama watoto ni mke wangu. Nikamwambia mke wangu, wamefika. Nani wamefika? Sijui, nimeambiwa wamefika. Mke akajua ni wageni, akafagia, akakanda unga, akatoa vile vikombe vya kabatini ambavyo mimi mwenyewe sijawahi kunywea, tukakaa tumevaa vizuri tunaangalia mlango. Kumbe ilikuwa mwambie mama, KOMA, watoto wamefika. Na mama kule chumbani kashinda na tasbihi akiomba basi lisipinduke. Koma moja tu, unga wa watu umekwisha.

Wale wa kuandika "nime kuja" na "ana ni penda" nawapita, hao wanatenganisha maneno kama mtu anayechambua mchele, siwawezi.

Wale wa "xaxa" badala ya "sasa", zamani nilikuwa nawaelewa kidogo. Meseji ilikuwa herufi 160, ukizidisha unakatwa ya pili, kwa hiyo mtu akiandika m2 badala ya mtu, cjui badala ya sijui, huo ni ubahili na ubahili nauheshimu. Xaxa haipunguzi kitu, sasa ni herufi nne na xaxa ni herufi nne, ila kwa simu za vitufe S ilitaka ubonyeze 7 mara nne na X ubonyeze 9 mara mbili tu. Sawa, kidole kilichoka, nimesamehe. Lakini leo herufi zote ziko wazi hapo mbele yako, unagusa mara moja, meseji haina kipimo, kidole kinachoka na nini?

Na tusijidai. Mwaka 1928 serikali za kikoloni zilifanya mkutano hapa hapa Mombasa kuchagua Kiswahili sanifu kitokane na lahaja gani, wakachagua cha Unguja, Kimvita, chetu cha hapa Mombasa, wakakiacha na wao wamekaa kwake. Kuna wazee Mji wa Kale ukiwatajia habari hiyo mpaka leo wanaweka kikombe cha kahawa chini. Mimi huwaambia, wazee wangu punguzeni hasira, labda wale watu waliona mbele wakaliona grupu la ukoo wetu.

Sasa ukisema, unaambiwa "si umeelewa?" Sijaelewa! Ningeelewa ningevuka feri na kanzu ya mazishi? Jana nikaandika kwenye grupu kwa adabu kabisa, nimeanza na salamu, nikasema jamani ndugu zangu, ana na hana ni vitu viwili, tuwe tunasoma kabla ya kutuma. Kimya. Halafu binamu, yule wa bei ya sanda, ndo admini, akanitoa. Akanifuata pembeni kunieleza sababu: "tume kutoa kwa sababu auna eshima kwa wakubwa".

Watanirudisha. Mwezi ujao kuna mchango wa harusi.