Samaki wa Ziwa Tanganyika si wa kula tu

Huku Ujerumani mtu hajakuuliza una watoto wangapi, ameshakuuliza hobi yako ni nini. Kwenye darasa la lugha waliniuliza, kazini wakaniuliza, na kuna watu huku wanaziandika hobi zao hata kwenye wasifu wa kuombea kazi, mwishoni, baada ya vyeti. Miaka ya mwanzo swali hili lilinikera sana. Nimekulia Kibirizi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika pale Kigoma, nyumba ya dagaa. Alfajiri mama yuko mwaloni anagombea beseni, sisi watoto tuko nyuma yake, na jua likitoka tunaanika. Mtu wa nyumba ile akimaliza kazi anapumzika. Hobi ilikuwa ya watoto wa Bwana Afisa.

Leo ninayo, na nimeamua kuisema hadharani maana nimechoka kuinong'ona kwenye simu. Nafuga samaki. Siwafugi kwa ajili ya kula wala kuuza, nafuga wa kuangalia, na wote asili yao ni Ziwa Tanganyika. Najua kuna ambao wataishia hapa na kusema huyu dada ameshageuka mzungu. Naomba msome kwanza, halafu mnitukane mkiwa mnajua mnachonitukania.

Aliyenianzisha ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee mstaafu wa reli. Aliposikia natoka Tanzania nilisubiri maneno yale yale: Serengeti, Kilimanjaro, Zanzibar. Mzee akauliza, "Tanzania sehemu gani? Kigoma ni mbali na kwenu?" Nilisimama pale kwenye ngazi na mifuko yangu ya sokoni nikakosa la kusema. Tangu nifike nchi hii hakuna aliyewahi kuitaja Kigoma kabla sijaitaja mimi. Nikadhani anaijua kwa sababu ya reli, kwa kuwa Wajerumani ndio walioifikisha Kigoma mwaka 1914, au kwa sababu ya Liemba, meli iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa na kusafirishwa kwa makasha, ikaunganishwa upya kwetu na kushushwa majini mwaka 1915. Hayo yote kweli anayajua. Lakini sicho kilichomfanya aulize.

Jumapili yake mkewe akanikaribisha kahawa na keki, na baada ya kahawa mzee akanishusha chini, kwenye chumba cha stoo. Matangi ya vioo yamepangwa ukutani kama makabati, taa juu yake, maji yanabubujika. Kila tangi lina kikaratasi kimebandikwa pembeni. Kimoja kimeandikwa Ikola. Kingine Maswa. Kingine Utinta. Tangi kubwa kuliko yote, lenye samaki wa mistari myeusi na nundu kichwani, limeandikwa Kigoma.

Huyu mtu hajawahi kukanyaga Afrika. Na majina ya vijiji vya mwambao wetu anayataja moja moja, na anajua kipi kiko kaskazini na kipi kiko kusini.

Nikamuuliza kwa nini asiwaweke pamoja kwenye tangi moja, aokoe umeme. Akashtuka kana kwamba nimemwambia achanganye damu. Ndipo akanieleza jambo ambalo nilitakiwa nifundishwe darasa la nne pale pale Kigoma. Wale samaki ni wa ukoo wa sato, wataalamu wanawaita sikilidi, na ziwa letu lina aina zaidi ya 200 za ukoo huo, karibu zote hazipatikani kwingine popote duniani. Baadhi yao, hasa wale wanaoparua mwani kwenye mawe, wanaogopa uwazi. Hawathubutu kuvuka mchanga mrefu wala kina kirefu. Wamezaliwa kwenye mawe ya ghuba fulani, watafia hapo hapo, na wajukuu wao hapo hapo. Ndiyo maana, kwa maelfu ya miaka, kila kipande cha mwambao wa mawe kimejipatia rangi yake. Mawe haya samaki ana mkanda wa njano, ukivuka ufukwe wa mchanga unamkuta ndugu yake ana rangi nyingine kabisa. Ukiwachanganya watazaana, na ile rangi iliyochukua maelfu ya miaka imekwisha ndani ya msimu mmoja.

Sisi tuliokulia juu ya mawe hayo, tukiwavua kwa ndoano ya pini na kuwafanya chambo, hatukuambiwa.

Mzee alinipa watoto wa wale wa Maswa kwenye mfuko wa plastiki, umejazwa hewa na kufungwa kwa mpira. Nikanunua tangi lililotumika, nikapanga mawe. Maji ya bomba ya hapa yana chokaa, birika langu la chai ni shahidi, na samaki wa Tanganyika wanataka hivyo hivyo, kwa sababu maji ya ziwa letu ni ya magadi magadi. Kazi ni joto. Nje theluji, Desemba saa kumi jioni giza limeanza kuingia, na ndani nina kifaa kinachopasha maji yafike nyuzi 25, usiku na mchana. Umeme wa huku ni ghali. Nalipa, siwezi kudanganya kwamba siumii bili ikija, lakini haujawahi kukatika hata dakika kumi. Wanaoijua Kigoma ya jenereta wanajua ninachosema.

Samaki hao wakiwa wadogo ni weusi tii wenye vidoa vyeupe mwili mzima. Wakikua vidoa vinafutika, kichwa kinageuka bluu, na mkanda mpana unajitokeza kiunoni. Jike akitaga anayazoa mayai kwa mdomo na kuyahifadhi humo karibu mwezi mzima. Wangu wa kwanza kubeba nilimjua kwa kidevu: kimetuna, mdomo haufungi vizuri, kila baada ya muda anayageuza mayai kama mtu anayesukutua maji. Anakula kidogo sana. Nilikuwa narudi kutoka zamu ya usiku, sijavua koti, nakwenda kumwangalia. Siku watoto walipotoka walijificha kwenye nyufa za mawe, na likipita dume mama anafungua mdomo wanarudi ndani. Nilimpigia mama yangu simu ya video nikamwonyesha. Mama akatazama kimya, akasema, "Huyo namjua, mwanangu. Lakini sijawahi kumwona anafanya hivyo."

Mama ana miaka zaidi ya 60 kando ya ziwa lile.

Kaka yangu ndiye aliyenijia juu. "Mdogo wangu, sisi huku tunawala hao. Wewe unawalipia umeme?" Tulibishana mpaka salio likamwishia, na tangu siku hiyo nabishana na wengi zaidi yake, wengine kwa sauti, wengine kichwani mwangu nikiwa kwenye tramu. Nataka niwajibu.

Wa kwanza ni anayesema umeshiba, ndiyo maana. Sawa. Njaa naijua, na nimeijua Kibirizi. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, nilituma hela nyumbani kila mwezi na nilijua zinapokwenda, sihitaji kuambiwa ziwa ni chakula. Lakini niambie, ni lini shibe ilikuwa sharti la kukijua kitu cha kwenu? Mzee wa Kiha asiye na kitu anazijua ng'ombe zake kwa rangi, kwa pembe na kwa tabia. Mpenzi wa Simba au Yanga asiye na nauli anaijua timu mpaka wachezaji wa akiba. Tunao uwezo wa kupenda bila kulipwa, tena sana. Ziwa tu ndilo tulilolinyima.

Wa pili anasema ni maringo ya ughaibuni, naja kuwafundisha watu ziwa lao. Hapa naumia zaidi, kwa sababu sina cha kuringia. Hiki nilichokipata huku ni cha kwetu. Kimenifikia kupitia kwa mstaafu wa reli kwenye stoo ya chini, na ningependa sana kingenifikia kupitia kwa mwalimu wangu wa sayansi, ambaye alikuwa mwalimu mzuri, lakini kitabu chake kilikuwa na mchoro wa samaki mmoja tu, tena ambaye sijawahi kumwona mwaloni. Mwanafunzi anayesoma ubao huku dirishani anaona ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470 kwenda chini, na hafundishwi kilichomo. Nikisema hilo ni aibu, sisemi ninyi ni aibu. Nasema tumedhulumiwa.

Wa tatu ana hoja nzito: samaki hao wamefikaje Ulaya, na nani kafaidika? Niko naye. Kwenye minada ya samaki ya huku, ambayo hufanyika Jumapili maduka yakiwa yamefungwa, nimeona samaki mmoja wa urefu wa kidole akiuzwa euro 25. Hizo ni zaidi ya shilingi 60,000. Wazazi wa wazazi wake walitolewa ziwani kwetu, yeye kazaliwa kwenye tangi, na kwenye kikaratasi kimeandikwa jina la kijiji ambacho hakipati hata senti. Nilisimama mbele ya meza ile nikiwa na fahari ya kuona jina la kwetu na hasira ya kuona bei yake, vyote kwa pamoja. Lakini hebu tuwe wakweli: utadai vipi haki ya mali usiyoijua jina? Wakili gani atasimama kutetea rangi ambayo wenyewe tunaiita chambo?

Kitu kingine kinachonishangaza huku ni vyama. Sheria yao inasema watu 7 wanatosha kusajili chama, na kweli wanasajili: chama cha kuimba, cha bustani, cha treni za kuchezea, cha samaki. Wanakutana jioni, wanaandika muhtasari wa kikao, wanagombea uenyekiti kwa hasira kabisa, na mada yenyewe ni mwani unaoota kwenye kioo. Sisi tunakutana kwa harusi, kwa msiba, kwa vikoba, na hapo hatuna mpinzani. Mimi nilipofiwa huku nilijua tofauti. Jirani zangu ni watu wema, lakini msiba wangu niliulilia peke yangu kwa simu. Sibadilishi utu wetu na vyama vyao. Nataka tuongeze kimoja tu, cha kukutana kwa sababu ya kitu kizuri ambacho hakitupi mkopo.

Hao wanaokaa jioni nzima kuangalia samaki ndio wanaogundua jambo likianza kuharibika, na hii ndiyo sababu siwezi kunyamaza. Mnaijua milima ya nyuma ya mji wetu ilivyobaki tupu. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unashuka mpaka ziwani, mnaliona doa lake kutoka Bangwe. Ule udongo unatua juu ya mawe. Mwani unafunikwa. Samaki anayeparua mawe anakosa chakula, na kama nilivyosema, hahami, mchanga hauvuki. Mvuvi wa dagaa hatajua, kwa sababu dagaa wake wako mbali huko kwenye maji makuu, na mchuuzi hatajua, kwa sababu samaki yule hafiki sokoni. Ghuba inaweza kupoteza rangi yake yote bila mtu hata mmoja wa Kigoma kuona, halafu mstaafu mmoja wa Ujerumani, kwenye stoo yake, akawa ndiye aliyebaki nayo.

Sokwe wa Gombe walipata bahati. Jane Goodall alifika mwaka 1960, akakaa akiwatazama kwa miaka, akawapa majina, na leo mtoto wa Kigoma anajua kwamba sokwe wa kwetu ni wa maana duniani. Samaki walio mita chache tu kutoka ufukwe wa hifadhi ile ile hakuna anayewataja. Tuna kituo cha utafiti wa uvuvi, TAFIRI, pale pale mjini, kina wataalamu wetu wenyewe. Kwa nini shule zisiwe na siku ya kwenda kuwasikiliza? Kwa nini jengo moja la umma Kigoma lisiwe na tangi moja la kioo, na maji yachotwe ziwani bila kupashwa joto na mtu yeyote? Mimi nalipia umeme mwaka mzima kuigiza hali ya hewa ambayo ninyi mnapewa bure.

Kaka amelegea kidogo, siku hizi anauliza watoto wa samaki wamefikia ukubwa gani. Bado anasema hatakubali watoto wake wapotezewe muda. Kaka, nakuja likizo. Miwani ya kuzamia ya saizi ya watoto nimeshainunua, na jua likiwa kali maji yametulia nitawapeleka kwenye mawe ya Katonga, wewe ukae ufukweni na mama mkichoma migebuka. Nataka wale wanao waniambie wenyewe samaki wa pale ana rangi gani, kwa sababu tangi lenye kikaratasi cha Katonga sijaliona huku, na nimeshamwahidi mzee wa chini nitamletea jibu.